Masomo ya onlaini yanaishia kwa printa yangu

Bwana Mhariri,

Mimi nina saiba hapa Free Area, Nakuru, kompyuta sita na printa mbili, moja inakwama karatasi kila saa. Mteja wangu mkubwa siku hizi si mtu wa kujaza fomu za kodi za KRA wala mtu wa kutafuta kazi, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma onlaini. Anakuja na flashi ama ananirushia kwa WhatsApp, faili ya moduli, PDF, kurasa mia mbili na kitu, ananiambia boss nitolee yote uniwekee na spairo. Kwa shilingi tano kila ukurasa hiyo ni elfu moja na zaidi, bado spairo. Semesta ikianza naweza kulipa kodi na stima na nibaki na ya mboga. Kwa hivyo kabla sijaanza kulalamika mjue hapa ndipo ninapopata unga wangu.

Lakini hebu tuulizane. Mtu analipa karo ya kozi inayoitwa ya onlaini, ananunua bando, halafu anatembea mpaka kwangu akaigeuze kitabu. Sasa hiyo onlaini ilikuwa ya nini? Niliuliza mwalimu mmoja wa Bahati ambaye ni kastoma wa siku nyingi, akaniambia ndugu yangu huko ndani hakuna kitu cha kufanya, ni maandishi tu, afadhali nisome kwa karatasi hata stima ikipotea. Nikaingia na yeye kwa hiyo kozi yake nikaona. Video moja ya lekchara akisoma slaidi vile zilivyo, hata kikohozi chake kimo. Kisha PDF. Kisha mahali pa kuandika "habari wenzangu" ndio ujulikane ulikuwepo. Basi.

Kwa miaka mingi nilidhani ni uvivu wa malekchara. Mpaka siku moja lekchara mwenyewe, anakujanga kwangu kuskani karatasi za mtihani, akaniambia upande wake, na sitataja chuo chake kwa sababu bado anakula huko. Anasema alikuwa amepanga somo lake kivingine kabisa, video fupi fupi za dakika saba ambazo zinaingia kwa simu bila kumaliza bando, na kila wiki mwanafunzi anafanya kitu kidogo pale alipo, wa sokoni anafanya hesabu ya stoku ya sokoni, wa shule anafanya ya shule, na mwenye kuelewa haraka anasonga mbele hangoji wengine. Akapeleka kwa ofisi yake ya mambo ya ubora. Swali la kwanza aliloulizwa si wanafunzi watajua nini mwisho wa siku. Aliulizwa hii ni masaa mangapi ya lekcha, na mtu akimaliza kwa wiki tano badala ya kumi na nne tutaandika nini kwa fomu. Akajaribu kueleza, akachoka, akaandika PDF. Aliniambia mkaguzi akija anataka kitu cha kushika mkononi, kitu kinachoendelea ndani ya simu ya mwanafunzi huko Olenguruone atakikaguaje?

Hapo ndipo nilianza kufuatilia hii mambo ya viwango vya vyeti, na nikashangaa kwa sababu sheria yenyewe si mbaya. Kenya ilitunga sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo mwaka 2014, ikaunda mamlaka inaitwa KNQA. Kwa lugha ya mtaani kazi yao ni kuchukua vyeti vyote nchini na kuvipanga kwa ngazi moja yenye vidaraja kumi, diploma iko kwa namba 6, digrii 7, masters 9, PhD huko juu 10. Wenzetu wa New Zealand na Afrika Kusini walianza mambo kama haya miaka ya tisini. Na kila daraja lina krediti zake, krediti moja ni masaa 10, digrii inataka 480. Sasa sikiza hii, hayo masaa 10 si ya kukaa mbele ya lekchara peke yake, ni masaa yote ya kujifunza, kusoma mwenyewe, kufanya kazi uliyopewa, kujadiliana na wenzako. Yaani kwa karatasi, mama anayesoma saa tano usiku watoto wakishalala, hiyo saa yake inahesabika sawa na ya kijana aliye ndani ya ukumbi wa chuo kikuu Njoro. Hiyo sheria pia inataka mtu aweze kupanda ngazi, aweze kuhama, na atambuliwe kile anachokijua hata kama alikijulia kwingine. Ukiisoma unaweza kudhani iliandikwa na mtu aliyekuwa anafikiria wateja wangu.

Shida inaingia njiani, kati ya ile sheria na darasa. Vyuo vikuu viko chini ya tume yao, CUE, kwa sheria ya 2012, na kila programu lazima ipitishwe huko na ilipiwe. Halafu kuna mabodi ya taaluma, ya manesi, ya mainjinia, ya mawakili, kila mmoja na masharti yake. KNQA na CUE wenyewe wamevutana kuhusu nani ndiye wa kutambua vyeti vya nje. Chuo kikileta wazo jipya linabisha mlango huu, linatumwa ule, na kila mlango una fomu, na fomu zile zilitungwa na watu waliosoma kwa viti na ubao. Zinauliza madarasa ni mangapi, vitabu vya maktaba ni vingapi, masaa ya lekcha ni mangapi. Ukiwa na kitu ambacho hakina kiti wala ubao huna pa kukiandika. Chuo chenye akili kinafanya hesabu haraka sana, kinaona ni rahisi kuchukua kozi ya darasani ambayo ilishapitishwa, kuiskani, kuiweka kwa mtandao na kuiita ya kidijitali. Hiyo haimsumbui mtu yeyote. Na mimi naprinti.

Hii tabia ya kuhesabu masaa hata haikuanzia kwetu. Huko Marekani mwaka 1906 wakfu wa Carnegie ulikuwa unapanga kulipa pensheni za maprofesa, ukasema chuo kinachotaka kuingia kwa huo mpango lazima kipokee wanafunzi waliopimwa kwa kipimo kimoja, na kipimo kikawa masaa 120 ya darasani kwa somo moja kwa mwaka. Watu walikuwa wanataka pensheni, basi wakakubali, na mpaka leo dunia nzima inapima elimu kwa saa. Mimi nilipojua hiyo nilicheka peke yangu kaunta. Ati kijana wa Kaptembwo anaambiwa wazo la mwalimu wake haliwezekani kwa sababu ya pensheni za wazungu wa zaidi ya miaka mia iliyopita.

Na mimi nina sababu ya kuamini kwamba si lazima iwe hivyo, kwa sababu nimekulia kwa nyumba ya mtu aliyesoma mbali na mwalimu kabla ya kompyuta. Mzee wangu alikuwa mwalimu wa P3, daraja la chini la ualimu, huko Vihiga. Mwaka 1967 kulianzishwa kitengo cha masomo ya posta huko Kikuyu, chini ya kile ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi, cha kusaidia hasa walimu ambao hawakuwa na masomo ya kutosha. Vitabu vinakuja kwa posta, vipindi vinapita kwa redio ya Sauti ya Kenya, unajibu maswali unatuma, yanarudi yamesahihishwa kwa wino mwekundu. Mzee anasimulia alikuwa ananing'iniza redio kwa mwiko wa ugali uliochomekwa ukutani ndio ishike mawimbi, na mama alikuwa anataka mwiko wake. Mwishowe aliketi mtihani wa taifa kama mtu mwingine yeyote akapita, akapanda daraja, mshahara ukapanda. Hakuna mtu aliyemuuliza alisikiza redio masaa mangapi. Hata hakuna ambaye angeweza kujua kama ile siku ya mvua alisikiza ama alilala. Walimpima kwa kile alichokijua.

Sasa linganisha na leo tuna intaneti, na watu wanapimwa kwa kubonyeza. Vyuo vingi vina masharti ya mahudhurio, usipofikisha huketi mtihani, na kwa onlaini mahudhurio ni mtambo unaandika umeingia mara ngapi. Nitakiri kitu hapa ambacho si kizuri. Mwaka 2021 kuna wateja walikuwa wananiachia nenosiri zao niwaingilie saa ya darasa, niandike "nipo mwalimu", niache dirisha wazi, wananilipa hamsini. Nilifanya mara kadhaa. Mmoja alikuwa dereva wa matatu ya Nakuru-Kisumu, saa ya darasa yeye yuko Londiani na abiria kumi na wanne, ungetaka afanye nini? Niliacha kwa sababu siku moja lekchara aliuliza swali kwa jina lake na mimi nikabaki nikitazama skrini kama mbuzi. Lakini fikiria, kwa rekodi za chuo huyo dereva alihudhuria, na aliyehudhuria kwa kweli ni mimi, na wala sikuelewa chochote kuhusu usimamizi wa fedha. Hicho ndicho kiwango kilichokuwa kinalindwa.

Najua kuna msomaji ameshakasirika anasema huyu wa saiba anataka digrii zitolewe kama njugu. Hapana, sitaki. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza imepata vyeti feki zaidi ya 2,000 kwa ofisi za serikali, na mimi mwenyewe nimeshafukuza hapa kaunta watu zaidi ya mmoja wanaotaka "nirekebishe kidogo tu" gredi kwa cheti. Bila mtu wa kukagua, hata mimi kesho nafungua chuo kikuu kwa hii meza ya tatu, jina zuri na logo naweza kutengeneza kwa nusu saa. Kuna mambo pia ambayo lazima masaa yahesabiwe na yawe mengi. Nesi wa kudunga mtoto wangu sindano nataka awe amesimama wodini mpaka miguu ikauma, asiniambie aliona YouTube. Kwa hilo mabodi wakaze kamba, niko nao.

Lakini kupima kama mtu anajua ni kitu kimoja na kulinda kiti chake ni kitu kingine, na hapa kwetu hivi vitu viwili vimefungwa pamoja. Fundi wa kuchomelea hapa Nakuru anaweza kwenda kufanya mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, akaonyesha mkono wake, akapata karatasi, na haulizwi alikaa darasa gani. Na siku hizi KNQA wanasukuma huo mpango wa kutambua ujuzi wa watu waliojifunza kazi kazini. Mzuri sana. Sasa mbona ukifika kwa mlango wa chuo kikuu huo mpango unashikwa na kigugumizi?

Niwape yangu. Niliwahi kufanya kozi ya onlaini ya watu wa nje, miezi sita, mambo ya databesi, kazi za kufanya kila wiki mpaka unalia, na mwisho nikajenga mfumo mdogo wa hesabu ambao hata leo ndio natumia hapa saiba na duka moja la dawa ya ng'ombe hapo Njoro linautumia pia. Nikasema wacha sasa nichukue digrii kabisa, nikajiandikisha kwa chuo kimoja cha onlaini. Nikapeleka ile karatasi yangu na ule mfumo kwa laptopu. Yule dada wa usajili alikuwa na heshima zake, akaangalia akasema kaka hii ni kazi safi, lakini mtambo wetu hauna mahali pa kuiweka. Nikamwambia dada yangu basi nipe mtihani wa hizo yuniti sasa hivi, nikianguka nitalipa na kusoma tangu mwanzo. Akasema hakuna kitu kama hicho. Nikalipa. Muhula wa kwanza nikapewa yuniti ya utangulizi wa kompyuta. Mimi. Wiki ya pili tulifundishwa kuwasha na kuzima mashine, na wakati huo huo nilikuwa na mashine mbili za watu zimefunguliwa mezani nikizibadilishia pawasaplai.

Sisemi chuo kile ni kibaya. Hata kikitaka kunikubalia, kinaogopa. Kikipokea ujuzi wa nje ambao hauna krediti zilizoandikwa na mkaguzi akaja, nani atajibu? Kwa hivyo kila mtu anajificha nyuma ya kitu kinachohesabika. Na hapo ndipo uvumbuzi unafia, hauuliwi na mtu mmoja mbaya, ni watu wazuri wanne kila mmoja akiogopa wa juu yake.

Kuna nchi zimejaribu kulegeza bila kuharibu. India wana jukwaa lao la taifa la kozi za onlaini, SWAYAM, na tangu 2016 chuo kingeweza kumruhusu mwanafunzi achukue huko mpaka asilimia 20 ya masomo yake ya muhula, na 2021 wakapandisha mpaka 40. Krediti zinahesabika kwa digrii yake, haijalishi ni chuo gani kilifundisha. New Zealand mwaka 2018 walitengeneza nafasi kwa mfumo wao wa elimu ya vyeti vidogo vidogo, krediti chache tu, kozi fupi ya kitu kimoja ambacho waajiri wanakitaka. Yaani mkaguzi bado yupo, na ana kisanduku cha kuweka kitu kidogo. Hiyo ya visanduku ndiyo naitaka mimi. Hapa sisi mtu akisoma kozi fupi tatu nzuri anabaki na makaratasi matatu kwa bahasha ya kaki, hayajumliki.

Na hatuwezi kusema hatuna mahali pa kuanzia. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, makao yake Konza, na hakina mzigo wa mabweni wala kumbi. Maseno huko upande wa Kisumu wamekuwa na kampasi yao ya mtandao kwa miaka. Jirani zetu Tanzania wana chuo huria tangu 1992, na Uingereza walianza chao 1969, tena kule mwanzoni kilikuwa kinachukua watu bila kuwauliza vyeti vya sekondari, milango wazi wakati wa kuingia, ila mtihani wa kutokea ulikuwa mtihani kweli kweli. Naogopa tu hiki cha Konza nacho kikalazimishwa kujaza fomu zile zile za viti na ubao mpaka kianze kufanana na wengine, halafu wanafunzi wake nao waje kwangu na flashi.

Ombi langu kwa KNQA na CUE, kama kuna mtu huko anasoma gazeti la Kiswahili, ni dogo na halihitaji sheria mpya. Wekeni mahali pa mtihani wa kujaribiwa. Mtu anayesema somo fulani ameshalijua aende kituoni, tuna mapolitekniki ya taifa Kisumu, Eldoret na kwingine, tuna vyuo vikuu Njoro, Kakamega, Bungoma, Bondo, aonyeshe kitambulisho, alipe ada ya mtihani peke yake, apimwe na watu ambao si wale wanaomfundisha. Akipita krediti ziandikwe kwa jina lake popote alipojifunzia, kwa redio, kwa simu, kwa kaunta ya saiba. Mkishakuwa na kituo kama hicho hamtahitaji tena kumuuliza lekchara wangu wa video za dakika saba masaa yake ni mangapi, mtaangalia tu wanafunzi wake wanapita ama wanaanguka. Mwenye kufundisha vibaya atajulikana kwa muhula mmoja. Najua vyuo vitapinga kwa sababu karo ya yuniti za utangulizi ni pesa tamu, lakini hiyo semeni wazi, msiiite ubora.

Mimi hiyo nafasi imeshanipita. Ile yuniti ya utangulizi wa kompyuta nilimaliza, nikapata B. Nilienda kuulizia alama zilikatika wapi maana mtihani niliujua wote, nikaonyeshwa kwa mtambo kwamba wiki tatu sikuandika "nipo".

Wako,
Mwenye saiba,
Free Area, Nakuru